Mluzi Katika Gari la Mama

Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakikatika na jua likichungulia kwa haya, gari la mama liliingia uani kwa Fundi Nyoosha huku redio ikisoma habari. Sauti ya msomaji ilitoka katika spika safi kama sahani iliyosuuzwa. Nyoosha aliyekuwa akifuta meza yake ya kazi alisimamisha kitambaa. Usafi wa sauti ile ulimchoma kuliko tusi.

Hakuitwa Nyoosha bure. Alikuwa fundi wa redio za magari, na katika gari alilolifunga yeye, waya hazikuonekana hata kwa dawa. Zote zilipita chini ya zulia, katika njia moja, zimelala sambamba na kukazwa pamoja kama tita la kuni. Hiyo ndiyo sheria aliyoachiwa na marehemu baba yake, aliyewafundisha kazi yeye na mdogo wake. “Waya ni shimizi,” mzee alizoea kusema, “haionyeshwi wageni.”

Mdogo wake hakuijali sheria hiyo. Alikuwa na karakana yake ng'ambo ya barabara, na waya zake zilikatiza popote, zimebandikwa tepu nyeusi kama kidonda kilichofungwa na mlevi. Nyoosha ndiye aliyembandika jina la Kiraka, na jina likashika hata kwa wateja. Kiraka mwenyewe alilicheka, na kicheko hicho nacho kilimkera kaka yake.

Baba alipofariki, vifaa viligawanywa bila ugomvi, isipokuwa mita ya kupimia umeme, ile ya mshale, ambayo mzee alitembea nayo katika mfuko wa shati. Wote wawili waliitaka. Nyoosha aliichukua kwa haki ya kuzaliwa kwanza, kisha kwa majivuno akatamka mbele ya mama yao, “Siku atakaponishinda kazi moja tu, mita ni yake.” Mama alikuwa mwalimu mkuu, na walimu wakuu hawasahau. Alijibu kwamba amesikia, na kwamba ahadi ni deni.

Mama alipostaafu, Nyoosha alimfungia redio mpya, spika nne, na amplifaya ya kukuza sauti ndani ya buti. Ikawa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, ila ilipiga mluzi. Injini ikiwaka tu, mluzi mwembamba ulianza nyuma ya sauti; mama akikanyaga mafuta, ulipanda; akiachia, ulishuka. Nyoosha alijua kwamba kelele ya namna hiyo huanzia kwenye altaneta, mashine inayochaji betri. Alikwangua rangi pale waya wa ethi, unaorudisha umeme, unapofungwa kwenye bodi, akaukaza upya. Mluzi ukabaki. Akaweka kichujio cha kelele kwenye waya wa moto, ule mnene unaopeleka umeme wa betri hadi kwenye amplifaya. Ukabaki. Alipochomoa kwenye amplifaya zile waya nyembamba zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, mluzi ulikatika. Akajua kuwa unaingilia humo. Basi akanunua waya nyembamba za bei ghali, akazilaza pale pale zilipokuwa zile za kwanza, katika tita lile lile. Mluzi ukapanda tena kama kawaida.

“Redio yako ina mbu, mwanangu,” mama alimwambia. “Mpe mdogo wako aisikilize.”

Nyoosha alikataa. Alisema Kiraka angemfunga huyo mbu kwa tepu.

Na sasa mama alizima injini, akashuka, akamweleza bila kumung'unya maneno kwamba jana alipita kwa Kiraka, na kazi haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Hakulinganisha wala hakusifu. Aliacha gari ili kifuniko cha spika ya mlangoni kikazwe, akasema anakwenda sokoni, atarudi adhuhuri na Kiraka amsaidie kubeba mizigo.

Kijiba cha roho kilimshika Nyoosha. Alipofungua mlango wa abiria aliona makombo ya biskuti juu ya kiti. Alisimama akiyatazama. Kumbe walikaa humu wakala pamoja, wakasikiliza redio, labda wakamcheka. Hapa kwake mama hupewa kiti kilichofutwa vumbi, akakalia ukingo kama mgeni wa wilayani. Hajawahi kuacha kombo hata moja.

Alikunja zulia kwa pupa, akitafuta ulaghai. Aliomba moyoni akute Kiraka amepunguza nguvu ya amplifaya, au amebandika kichujio cha ovyo kinachoua sauti. Hakukuta kitu. Waya mnene wa moto ulikuwa palepale alipoulaza yeye, upande wa dereva. Zile nyembamba zilikuwa zimetolewa katika tita, zikapitishwa upande wa pili, chini ya mlango wa abiria, zimeshikwa kwa tepu nyeusi, nyingine imekaa upogo. Basi.

Hakukubali. Alizibandua, akazirudisha katika tita lake, akanyoosha, akakaza, akawasha injini. Mluzi ukaja. Akazitoa, akazivuta hadi upande wa abiria. Kimya. Akazirudisha tena. Mluzi. Waya mnene ulikuwa ukiwaambukiza majirani zake kelele ya altaneta, na aliyewalaza kitanda kimoja ni yeye. Enzi za baba hapakuwa na amplifaya ndani ya buti, wala waya mnene wa kufika huko. Sheria yake haikumdhuru mtu. Kiraka aliivunja akapata. Yeye aliitunza kama amana, na hayo ndiyo malipo yake.

Injini ilikuwa ingali inaunguruma na mluzi ungali unalia, alipowaona mama na Kiraka wakivuka barabara. Mkono wake ulikuwa juu ya zulia. Kulirudisha tu kungetosha. Nani angejua? Mama angesikia mluzi, angesema tiba ya Kiraka haikulala hata usiku mmoja, na mita ingebaki mezani. Alilirudisha zulia.

Mama alisikia kabla hajaweka kikapu chini. Alimtazama kitinda mimba wake kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeleta daftari tupu.

Kiraka aliinamisha kichwa karibu na spika, akasikiliza. Hakuuliza gari limeguswa na nani. “Basi ni mimi, mama,” alisema. “Ile tepu labda imeachia. Samahani, kaka, nimekuongezea kazi.”

Nyoosha alikuwa tayari kwa dhihaka, kwa shutuma, hata kwa ngumi. Kwa hilo hakuwa tayari. Kwamba huyu, juu ya kumshinda kazi, amshinde na utu! Wivu wenyewe ulikataa.

“Tepu haikuachia,” alisema. “Nilizibandua mimi. Nilitaka uwe umekosea.”

Alikunja zulia mbele yao, akazivuta waya nyembamba hadi upande wa abiria. Mluzi ulikatika. Kisha alikwenda mezani, akarudi na mita.

Kiraka alirudi nyuma hatua moja. “Kaka, iache hapa hapa. Tutaitumia sote.”

“Deni halilipwi nusu,” Nyoosha alijibu. “Nilisema kazi moja. Chukua.”

Mama hakuingilia; alikuwa shahidi, na shahidi hutazama tu. Kiraka aliipokea kwa mikono miwili, akaitia katika mfuko wa shati, upande ule ule baba yao alipoiweka. Ilimkaa vizuri. Nyoosha aliona, akainama kutafuta bisibisi ya kukazia kifuniko cha spika.