Maganda Aliyoyafunika Kidawa

Bwana Amour alikuwa mtu wa kupima. Risasi za bastola kubwa ya shemegi yake Ubwa hazikupatikana tena Unguja, basi akizitengeneza mwenyewe nyumbani kwake Ng'ambo. Akiyeyusha chubwi, vile vizito vya nyavu, akimimina kwenye kalibu, kisha akipima kila kichwa cha risasi kwa mizani ya sonara. Chenye tundu kilirudi chunguni. Mezani kwake mke hagusi wala haulizi.

Asubuhi ile Ubwa alikuja mbio kutoka Kizimbani. Nguruwe mwitu aliyempasua msasi mwenzao Jaku paja alikuwa amezingirwa kichakani, na wasasi wenzake walikuwa na mikuki na mbwa tu. Alipokea risasi zake, akaanza kuzipanga kwenye bastola pale pale mlangoni.

"Hazikuangushi hizo, shemegi," Amour alijigamba. "Jana adhana ya Magharibi ilinikuta natia baruti. Niliporudi kutoka msikitini, kumbe nshaweka vichwa vyote. Nikavikandamiza tu. Mkono ushazoea, hata sikumbuki!"

Kidawa, mke wa Amour, aliweka chini birika la kahawa. Tangu utoto alifundishwa kwamba chombo hakiachwi wazi Magharibi. Jana alipoyaona maganda ya shaba yamesimama midomo wazi, aliweka kichwa juu ya kila ganda, kama kifuniko. Ndani hakuchungulia.

Aliogopa. Amour akighadhibika, nyumba nzima hunywea. Lakini yule mlangoni ni mdogo wake, tumbo moja.

"Ubwa, usende! Vichwa n'liweka mimi. Sijui kama maganda yote yana baruti."

Amour aligeuka, uso umemwiva. "Umegusa meza yangu?"

"Nimegusa. Nitukane ukitaka, lakini zifungue kwanza."

"Nguruwe atatutoka!" Ubwa alifoka.

Amour alizichukua zote, akaanza kung'oa vichwa kwa koleo. Ya kwanza, baruti ikamwagika. Ya pili, baruti. Ubwa akasonya. Baruti tena, na tena. Kidawa alitamani ardhi immeze.

Ikabaki ile ambayo Ubwa angeipiga mwanzo. Amour aliipindua juu ya karatasi. Hakikudondoka kitu.

"Kwa nguvu ya fataki ya kitako tu, kichwa hiki kingekwama kwenye mtutu," alisema taratibu. "Na ya pili ingekuta njia imezibwa, bastola ikupasukie usoni."

Ubwa alikaa kizingitini, akaiweka bastola sakafuni.

Amour alivuta kiti cha pili mezani. "Kaa hapa, Kidawa. Kila ganda nitakalotia baruti, chungulia wewe kwanza, ndipo nifunike."

Kidawa alikaa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.