Vijani vya Kijivu Begani kwa Genoveva

Jumatatu, akiwa anakuna nazi uani kwake Bunju, Genoveva aliona bega lake la kushoto limeota vijani vya kijivu. Akaendelea kukuna. Vilikuwa vilevile vinavyoota kwenye gome la mkorosho wake, upande usiopigwa jua: bapa, kingo zimejikunjakunja, chini vyeusi. Alipooga viligeuka kijani. Vilipokauka vikarudi kijivu.

Kufikia Ijumaa vilishashuka hadi kwenye kiwiko. Jirani yake Mwanaasha, aliyekuwa akija kumpa mkono kila asubuhi, alivitazama kama anayetazama upele.

"Vinaota pasipoguswa," alisema. "Ona kiganja chako, kisafi. Hicho nakishika mie kila siku."

"Basi nishike na bega."

Mwanaasha akamshika. Vijani vikabanduka, na kesho yake vikawa vimerudi.

"Hivi vinamtaka Leonardi, shoga yangu. Mpigie mwanao aje."

Leonardi alikuwa seremala huko Keko, na hakuwa amefika Bunju tangu Pasaka ya mwaka juzi. Genoveva alimpigia. Hakusema anaumwa, maana hakuwa anaumwa. Alisema amemkumbuka sana, na ilikuwa kweli.

Leonardi alikuja Jumapili baada ya misa, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo unishike hapa begani."

Mafundi wenzake Leonardi hujisifu kwamba hawahitaji futi ya kupimia. Mteja humkadiria kwa macho. Leonardi alifumba jicho moja, akamtazama mama yake kuanzia utosini hadi visiginoni.

"Hivyo vinapenda kivuli, mama. Nakutengenezea kiti cha kukaa chini ya mkorosho."

Kisha akasema foleni ya Mwenge ni ishu, akaondoka chai haijapoa. Genoveva aliurudisha mapajani mkono aliokuwa ameunyoosha. Iliuma, naye hakujidanganya kwamba haikuuma.

Kiti kililetwa na guta la mizigo Jumamosi. Kilikuwa cha mninga, kimepigwa msasa hadi kinateleza. Mwenye guta alikishusha chini ya mkorosho, akaenda zake. Genoveva akakaa. Kilimtosha mgongo, kilimtosha nyonga, na viwiko vilitua palepale panapostahili.

"Kanipima kwa macho tu," alimwambia Mwanaasha asubuhi iliyofuata. Vijani vilikuwa vimeshafika shingoni. "Na hajakosea hata inchi moja."

Mwanaasha alimpa mkono. Siku hiyo alichelewa kuuachia.