Mkuu Asiyeamini Rula

Mkuu wa kitengo cha picha hakuwa na imani na rula. Alikuwa akisema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi ya nje, kwamba daktari anayepima uvimbe kwa rula ni seremala aliyepotea njia. Yeye alikuwa na macho. Miaka ishirini na sita ya macho! Basi akitazama skani ya figo na kuona kitu, aliandika kama alivyojisikia siku hiyo: leo "kivuli", kesho "kidonge cha nyama", keshokutwa "badiliko lisilo na haraka". Mwishoni, bila kukosa, aliongeza: "Busara itumike." Busara ya nani, hakusema.

Karani aliyezichapa ripoti hizo kwa miaka tisa alimdharau kwa moyo mkunjufu. Hakumchukia, chuki ni kazi, na yeye kazi alikuwa nayo ya kutosha. Daktari wa pili naye hakuwa nafuu. Wauguzi walimbandika jina la Huenda, maana hakuwahi kuandika sentensi isiyo na neno hilo. Bwana yule alikuwa bingwa wa kuuma na kupuliza. Ungemuuliza kama nje kunanyesha, angekujibu huenda, na huku kalowa chapachapa.

Haya yote yangebaki kuwa mzaha wa chumba cha chai, kama si dada yake karani. Huyu dada mkubwa, fundi cherehani, alipigwa skani tatu za figo katika miezi kumi na minane, na ripoti zote tatu mdogo wake alizichapa kwa vidole vyake mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya Mkuu: "Kivuli figo ya kushoto, hakina neno. Busara itumike." Ya pili ya Huenda: "Kifuko cha maji, huenda kizito kidogo." Ya tatu ya Mkuu tena: "Kidonge cha nyama, kikubwa kiasi." Namba hata moja hamna.

Daktari mpasuaji, ambaye picha zenyewe hazioni, huletewa karatasi tu, alizisoma zote akabaki anakuna kichwa. Hakujua kama ni kitu kimoja kinachokua au vitu vitatu vilivyokuja vikaondoka, na alisema hapasui mtu kwa busara. Dada akatoka pale amenuna. "Hivi hao mabwana zako wanaandika ripoti au wanatega vitendawili?" alimuuliza mdogo wake. Karani alikosa pa kuuweka uso.

Ndipo akaajiriwa daktari wa tatu, binti mfupi, mpole wa sauti, mbishi wa moyo. Mwezi haukuisha akaleta fomu ya ukurasa mmoja. Maneno yalikuwa yameorodheshwa, kila moja na maana yake: uvimbe ni maji matupu au ni nyama, dawa ya kung'arisha picha ikidungwa mshipani, unang'aa au haung'ai, una milimita ngapi, mara iliyopita ulikuwa na ngapi. Neno lisilo kwenye orodha haliandikwi. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Alisema fomu ni za watu wa forodha, udaktari ni sanaa. Huenda naye akacheka, kwa kuwa bosi kacheka.

Lakini mpasuaji alikuwa amechoka. Alitishia kuwapeleka wagonjwa wake kwingine, na kikao kikaitishwa. Walikubaliana waijaribu fomu kwa mgonjwa mmoja, jina limefunikwa, kisha waamue. Karani alitumwa kuchagua faili, na ndiye angeandika kumbukumbu za kikao. Alichagua la dada yake. Ruhusa alikuwa nayo. Dada alimwambia azipeleke picha zake hata sokoni, ilimradi apatikane mtu wa kumwambia ana nini.

Siku ya kikao walishusha mapazia wakawasha skrini. Mkuu akajitwalia kiti cha mbele, akaanza kuvuta mistari ya kupimia kwa madaha, kama anayewafanyia wajinga hisani. Picha ya kwanza: nyama, inang'aa, milimita ishirini na mbili. Ya pili: nyama, inang'aa, thelathini na moja. Ya tatu: arobaini na tatu. Binti alijaza fomu. Mkuu akaegemea kiti, akapaza sauti yake ile ile ya siku zote.

"Hii ilikuwa ya kukatwa tangu picha ya kwanza. Mjinga gani aliyeiacha?"

Nyani haoni kundule. Karani aliinuka akamwekea mbele ripoti ya kwanza, yenye sahihi ya mikia mirefu aliyokuwa akijivunia. Mkuu akaisoma, akairudia. Masikio yakamwiva. Akaanza habari za mashine ya zamani na wingi wa wagonjwa, na Huenda akawa anavikagua viatu vyake.

Mpasuaji alimkatiza. "Wakati ule tungemega uvimbe tu, figo tukamwachia. Sasa umeshikana na mshipa mkubwa. Inatoka figo nzima, Jumatano hii."

Mkuu akamgeukia karani. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa aliongea kwa sauti ya chini, akamwomba aandike kwenye kumbukumbu kwamba mwanzoni palikuwa na kivuli.

"Kivuli hakimo kwenye orodha, Mkuu," alisema karani.

Aliandika zile namba tatu. Chini yake akaandika swali la Mkuu, neno kwa neno, na mbele ya swali, mahali pa jibu, akanakili jina lililokuwa kwenye sahihi. Kisha akafungua mlango.

Dada yake alikuwa kwenye benchi la karibu kabisa na mlango, mkoba mapajani. Karani akakaa pembeni yake akitafuta pa kuanzia.

"Nimesikia," dada alisema. "Inatoka lini?"

"Jumatano."

Dada aliitikia kwa kichwa. Akaufungua mkoba, akaufunga.

"Na yule aliyeuliza mjinga ni nani, amejibiwa?"

"Amejibiwa, dada."