Baiskeli ya Moto ya Mwinjuma

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipopamba moto, kijiji cha Bigwa hakikubaki na wanaume wa kubeba machela. Wenye nguvu wote walikwisha kusombwa kuwa wapagazi. Mwinjuma aliponea kwa sababu alikuwa mhunzi katika karakana ya reli mjini Morogoro.

Mkewe, Mwanaasha, hakuwa ameinuka tangu ajifungue mtoto aliyezaliwa mfu. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa ganzi tupu. Mitishamba ilishindwa, dawa za misheni nazo zikashindwa. Sasa alitaka jambo moja tu, apelekwe kwa mama yake, kijiji cha Kinole milimani, akafie huko na kuzikwa na ukoo wake.

"Nitakupeleka," Mwinjuma alimwambia.

"Kwa mabega ya nani, mwenzangu?"

Mabega hayakuwapo.

Ndipo alipokumbuka chuma kilichotupwa korongoni na setla mmoja, Mzungu mwenye mashamba ya katani. Ilikuwa pikipiki, ambayo siku hizo watu waliiita baiskeli ya moto. Fremu ilikuwa imepinda, magurudumu hayana mipira, lakini injini ilikuwa nzima. Alipokwenda kuiomba, setla alicheka akamwambia achukue takataka hiyo.

Akaanza kuiunda uani kwake. Kila alipotoka kazini alikoka moto, akanyoosha fremu kidogo kidogo. Magurudumu aliyajaza kamba za katani, akayashonea ngozi ya ng'ombe. Ubavuni alifunga kitanda cha mianzi chenye gurudumu lake. Mwanaasha alilala barazani akimsikiliza akigonga.

"Leo umefika wapi?" alikuwa akiuliza.

"Mnyororo."

Chombo kilizidi kukamilika, naye akazidi kwisha. Siku injini ilipokohoa kwa mara ya kwanza, Mwanaasha hakuweza tena kushika kikombe. Na Mwinjuma alijua jambo ambalo hakumwambia. Barabara ingewafikisha Kiroka na mbele kidogo tu. Kutoka hapo kupanda Kinole ni njia ya miguu, nyembamba na yenye utelezi.

Petroli aliipata kwa Gulam, mwenye duka mjini, aliyekuwa na mabaki kidogo kwenye debe.

"Chukua, ni ya mgonjwa," Gulam alisema. "Lakini Wajerumani wakikukamata nayo, mimi hunijui."

Walianza safari asubuhi. Jirani yao, Bi Mosi, alimfunga Mwanaasha kwa kanga asidondoke. Chombo kilinguruma, kikatikisika, kikaenda. Upepo ulimpiga Mwanaasha usoni, akafumba macho.

Kilimani walikutana na askari wakiongozwa na ofisa wa Kijerumani. Ofisa aliizunguka pikipiki, akaipapasa injini, kisha akasema neno moja kwa askari wake.

"Mshushe huyo mama," askari alimwambia Mwinjuma. "Chombo kinakwenda vitani."

"Ndugu yangu, huyu hawezi kutembea. Nampeleka kwao."

"Naona. Mshushe."

Mwinjuma alimfungua mafundo ya kanga mwenyewe, maana hakutaka mkono mwingine umguse. Kisha akambeba mgongoni, akageukia mlimani.

"Nirudishe nyumbani," Mwanaasha alimnong'oneza. "Hutafika."

Alipiga hatua chache za ukaidi, kisha akageuka. Akarudi naye Bigwa, akipumzika kila penye kivuli.

Kesho yake askari wale wale walimfuata. Fundi anayeficha chombo cha vita, walisema, atabeba mizigo kama wenzake. Alimwacha mkewe mikononi mwa Bi Mosi, akafungwa kamba pamoja na wapagazi wengine, wakaelekezwa kusini.

Aliporudi, Wajerumani walikwisha kuondoka Morogoro, naye amekonda hata jirani zake hawakumtambua. Bi Mosi alimsubiri akae kwanza.

"Alitangulia wiki ile ile uliyochukuliwa," alisema. "Mama yake tulimpelekea habari, lakini mvua ilikata njia. Tulimzika hapa, baba. Watu wa kumpandisha hawakupatikana."

"Alisema nini?"

"Aliuliza, 'Leo umefika wapi?'"