Safari Aliyoipanga Juu-Chini

Safari ile aliipanga marehemu mwenyewe. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kushinda ndani ya mashimo ya maghorofa akinuka grisi, wenzake kazini wakamwita Juu-Chini. Hamu yake ilikuwa moja tu: kwenda na mkewe kwenye vile visiwa vilivyojipanga baharini kama shanga zilizokatika uzi, wavipitie kwa baiskeli kimoja baada ya kingine, hapa daraja, pale kivuko, mpaka kile cha mwisho chenye mnara wa taa. "Nimechoka kwenda juu na chini," alikuwa akisema. "Sasa nataka kwenda mbele." Akaweka nafasi za vyumba, akakodi baiskeli mbili, akabandika ramani ukutani juu ya cherehani ya mkewe. Kisha akafa.

Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Baada ya mazishi hakuibandua ile ramani, wala hakuitazama. Lakini siku zilipokaribia alimwambia mama mkwe wake kuwa atakwenda.

"Na nani?" mama mkwe akauliza.

"Na nani tena, mama? Peke yangu."

"Safari ya wawili haiendwi na mmoja, mwanangu. Utakwenda na wifi yako."

Wifi huyo, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa mtaa wa pili. Aliipokea amri ya mama yake kwa uso wa mtu aliyemeza kidonge bila maji. Si kwamba mawifi hao walikuwa wamewahi kugombana. Walikuwa wamefanya jambo baya zaidi: walikuwa wakiheshimiana tu miaka yote. Wakikutana ni hujambo wifi, sijambo wifi, kisha kila mmoja anatafuta pa kutazama.

Huko visiwani mbingu ilikuwa na rangi ya maji yaliyofuliwa nguo. Palikuwa pazuri, hakuna wa kubisha: barabara nyembamba iliyokumbatia ufuko, miamba myeusi ikilambwa na povu, nyumba nyeupe zilizofungwa madirisha kwa kuwa msimu wa wageni ulikuwa umekwisha. Ila uzuri unataka mtu wa kumwambia "hebu tazama!" Mara kwa mara mshonaji aligeuza shingo, mdomo wazi, akakuta anayemfuata ni wifi, macho mekundu kwa upepo, pua inachuruzika. Akafunga mdomo, akakanyaga pedali.

Miguu yake ilikuwa ya chuma. Cherehani ya kukanyaga ilikuwa imemfunza tangu usichana. Wifi alikuwa mtu wa kusimama nyuma ya kaunta. Kila penye mwinuko alibaki nyuma, gia zikisaga meno. Jioni walikula, wakaanika soksi zilizolowa kwenye migongo ya viti, wakalala kila mmoja ameelekea ukuta wake.

Kwenye kisiwa cha tatu kulikuwa na kilima. Hakikuwa cha kutisha, ila kilikuwa kirefu, na manyunyu yalikuwa yameanza. Mshonaji alifika juu, akashusha mguu mmoja, akatazama alikotoka. Wifi alikuwa ameshuka, anakokota baiskeli yake kama anayemvuta ng'ombe mkaidi.

"Jikaze, wifi!" akamwita. "Hiki nacho ni kilima? Jikaze!"

Wifi akasimama. Akailaza baiskeli kwenye majani, akakaa papo hapo juu ya changarawe iliyolowa.

Mtu aliyekaa hivyo kando ya barabara mshonaji alikwisha kumwona. Ilikuwa Jumapili, kwenye mpando wa nyuma ya matangi ya maji ya mji wao, walikokwenda na mumewe kujizoeza kwa safari hii. Alipogeuka alimwona mume amekaa ukingoni mwa mtaro, akadhani anamfanyia mzaha. "Mvivu wewe!" alimpigia kelele, akicheka. Aliposhuka kumfikia, hakukuwa tena na wa kuchekwa. Moyo ulisimama ghafla, daktari alisema, na neno hilo "ghafla" ndilo alilokuwa akijifunika nalo kila alipolala.

Aliiacha baiskeli, akateremka mbio. "Wifi! Unaumwa?"

"Siumwi. Ila neno hilo usiniambie. Nitukane ukitaka, lakini neno hilo usiniambie."

"Neno gani?"

"Jikaze. Ndilo ulilokuwa ukimwambia kila Jumapili, alinisimulia mwenyewe, na moyo wake ulikuwa mbovu."

Mshonaji akamtazama kama hakusikia vizuri. "Mbovu tangu lini?"

Wifi akajifuta uso kwa mkono wa koti, koti lenyewe limelowa. "Miaka miwili. Dawa zake zilikaa dukani kwangu. Alipita kila asubuhi akienda kazini, akameza, akaenda zake. Aliniapisha nisikwambie."

"Mimi mkewe?"

"Wewe hasa. Alisema ukijua utamlaza kitandani, utampikia uji, utamkataza hata ngazi. Alitaka nyumbani kwake awe mzima. Alitaka awepo mtu mmoja wa kumtazama kama mtu, si kama maiti inayosubiri siku yake." Akakamua ncha ya mkono wa koti. "Mimi nilimtazama hivyo hivyo, kama maiti. Alikuwa akiona. Siku nyingine hakuniaga."

Mvua sasa ilikuwa mvua kweli. Mshonaji alitaka kuuliza jambo moja tu, na alilijua kabla halijamtoka mdomoni.

"Kwa hiyo nilimuua?"

Angepaswa kuambiwa hapana. Hata mtu wa njiani angemwambia hapana. Wifi akatazama mikono yake.

"Sijui," akasema. "Wewe ulimhimiza, mimi nilinyamaza. Kila siku nauliza ni nani kati yetu. Sijui, wifi."

Mshonaji akapanda kilima kwa miguu, akaokota baiskeli, akateremka upande wa pili bila kugusa breki. Gatini alikuta kivuko cha mwisho cha siku kinataka kuondoka. Mkata tiketi akamuuliza kama kuna mwenzake anayekuja, akajibu hakuna. Lango likafungwa. Alikaa ndani kati ya vyuma vilivyochuruzika maji, kisiwa kikafifia nyuma, na hakugeuka kutazama kama kuna mtu amefika pale gatini.

Usiku huo hakulala. Asubuhi alikwenda kukisubiri kivuko cha kwanza. Wifi alishuka akiburura baiskeli yenye pancha, sauti imekauka. Alikuwa amelala kwenye benchi la chumba cha abiria. Hakuna aliyesema samahani. Mshonaji akaipokea baiskeli, akaipindua, akalivua tairi na kuanza kulitafuta tundu, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure. Alipomaliza akasema anataka kurudi nyumbani. Wifi akasema sawa. Mnara wa taa ulionekana kwa mbali kwenye ukungu, mwembamba kama sindano, nao wakaupa mgongo.

Ndani ya kivuko cha kurudi walikaa bega kwa bega kwa kukosa nafasi.

"Alikuwa akisema nini?" mshonaji akauliza. "Huko dukani, asubuhi."

"Mambo ya kawaida. Alibisha kwenye mlango kwa spana kabla sijafungua. Alilalamika kuwa unasahau pini zako kitandani. Alikuwa akiniigiza ninavyohesabu vidonge."

Mshonaji hakujua kama mumewe alikuwa hodari wa kuigiza watu. Wivu ukamshika, wivu wa asubuhi zote zile.

"Jumapili je? Duka si hufungwa?"

"Hufungwa. Kidonge cha Jumapili nilimpa Jumamosi, nikakifunga kwenye karatasi, akakitia mfukoni mwa suruali."

"Jumapili ile alikimeza?"

"Sijui. Nilitaka kukuuliza wewe kama ulikikuta."

Mshonaji akafumba macho. Suruali ile aliifua mwenyewe, akaikunja, akaigawa pamoja na nguo nyingine za marehemu. Alijaribu kukumbuka kama aliingiza mkono mfukoni kabla ya kuiloweka. Kila pazia alilowahi kushona alilikumbuka, lakini mfuko ule hakuukumbuka. Kivuko kikaendelea kuvuma chini ya miguu yao, na wifi alikuwa bado anamtazama, akingoja jibu.