Baiskeli ya Mkaa

Isaka alikuwa na pesa ya katikati, na hakuna pesa inayosumbua akili kama hiyo. Mwenye pesa ndogo hachagui. Anachukua baiskeli ya chuma yenye keria ya mizigo nyuma, anamshukuru Mungu, analala. Mwenye pesa nyingi naye hachagui. Anachukua iliyopendwa na macho, na akiichoka anachukua nyingine. Lakini mtu wa katikati, aliyelima alizeti na kukataa hata soda ili anunue baiskeli moja ya mbio ya kaboni, huyo akikosea amekosea. Hana marudio.

Na hakuitaka baiskeli ya kutembelea. Mwezi ule kulikuwa na mbio za kutoka Mkiwa hadi Singida mjini, na watatu wa kwanza wangeingia timu ya vijana ya mkoa. Mwaka uliopita Isaka alishindana kwa baiskeli yenye uzito wa mbuzi mwenye mimba. Alifika wakati viti vinakunjwa na mgeni rasmi ameshakwenda kula. Mwakani umri ungekuwa umempita. Ilikuwa mwaka huu, au abaki Ilongero akiwahadithia ng'ombe jinsi ambavyo angeweza.

Shangazi yake, Severina, alikuwa na duka la baiskeli mjini. Aliletewa mbili za kaboni kutoka Arusha, zimetumika lakini nzima, bei moja. Kwa kuwa stoo yake ilikuwa inabadilishwa mabati, akazileta Ilongero kwa mama yake, Bibi Scholastika, ambako Isaka alikuwa anaishi. Isaka alizipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mapacha.

"Usishangilie," Shangazi akasema. "Elisha wa Mtinko, naye anaingia mbio hizohizo, ametanguliza nusu ya hela. Anakuja Jumamosi, anachagua wa kwanza. Wewe unachukua itakayobaki."

"Shangazi! Mimi si damu yako?"

"Damu haina risiti, baba. Elisha ana risiti." Akapanda bodaboda yake. "Ruhusa unayo, zijaribu zote. Ila ukikwangua rangi, na mimi nitakukwangua."

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa kama pipi iliyotoka mdomoni. Rimu zake zilikuwa pana kiganja kizima, na ikipita ilinguruma vuuu, mpaka kuku wanaangalia juu wakidhani ni mwewe. Ya pili haikupakwa hata rangi. Nyeusi, imefifia, rimu nyembamba, ina mikwaruzo karibu na pedeli kama mtu aliyewahi kuanguka mtaroni. Moyo wa Isaka ulichagua nyekundu kabla miguu haijaulizwa.

Miguu ikaulizwa Alhamisi mchana, kwenye barabara ya kwenda mjini. Sasa, upepo wa Singida haupulizi, unagombana. Unakuja kutoka ubavuni bila salamu, unakushika kola. Ulipoziona zile rimu pana za nyekundu, uliziona kama mwavuli, na Isaka akajikuta katikati ya shamba la alizeti la watu, ameukumbatia usukani, akiyaomba radhi mashina. Tena hata usukani wenyewe ulikuwa mbali. Ilibidi aufuate kwa kujinyoosha kama anayemtoa kuku chini ya ghala.

Akarudi, akachukua nyeusi, barabara ileile, upepo uleule. Ikapita kama sindano kwenye kitambaa. Mikono ilikaa mahali pake, mgongo haukulalamika, na kwenye kilima akajiona kama kuna mtu anamsukuma. Alipofika juu aligeuka kumtafuta huyo mtu.

Basi akaitaka nyeusi. Shida ni kwamba Elisha si mjinga. Elisha amekulia kwenye upepo huohuo, na ana miguu kama nguzo za umeme. Akipewa dakika tano na zile baiskeli mbili, angeichukua nyeusi na kwenda zake Mtinko akipiga mluzi.

"Mume wangu," Bibi akamwita kutoka jikoni, maana bibi na mjukuu ni watani na ndoa yao ilikuwa ya muda mrefu, "mbona umerudi na maua kichwani? Umeniolea mke mwenza huko shambani?"

"Nimezunguka kote, Bibi. Hakuna wa kukufikia."

"Najua. Na hivi vitu vyako vya kukonda mnaviitaje?"

"Baiskeli za kaboni."

"Kaboni ndiyo nini?"

Isaka alikuwa amechoka, ana njaa, na ulimi wake ulikuwa na tabia ya kumtangulia mwenyewe. Akamkumbuka mwalimu wao wa kemia, aliyekuwa akishika kipande cha mkaa mkononi na kuwapaka wanafunzi wanaosinzia.

"Kaboni ni mkaa, Bibi. Hiyo yote unayoiona ni mkaa mtupu."

Kwa kawaida Bibi Scholastika hakuamini neno la mjukuu wake hata moja. Alishawahi kuambiwa kuwa mnara wa simu unakamuliwa kila asubuhi, akacheka na kumrushia mwiko. Lakini safari hii aliisogelea ile nyeusi. Rangi ni ya mkaa. Akaiinua kwa mkono mmoja: nyepesi, kama mkaa. Akaigonga kwa kucha: ko, ko. Sauti ya mkaa ulioiva. Akapitisha kiganja karibu na cheni, kikatoka cheusi tii. Ushahidi wote ukakubaliana.

"Wazungu watakwenda kujibu mbele za Mungu," akasema, akarudi kusonga ugali.

Asubuhi Isaka hakuiona baiskeli nyeusi pale jikoni alipoiegesha. Aliikuta chumbani kwa Bibi, imefunikwa kitenge cha Pasaka.

"Uliiacha karibu na mafiga!" Bibi akamfokea. "Cheche moja tu, tungeamka na majivu. Hujui kulea mali wewe."

"Na nyekundu mbona umeiacha kule?"

"Ile imepakwa rangi. Nani anapaka mkaa rangi?"

Isaka alicheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo angesema ukweli. Mdomo ulifunguka kabisa, lakini akaona itakuwa dhambi kuharibu kitu kitamu namna hiyo. Akaufunga.

Bibi akaenda mazoezi ya kwaya, na kabla sauti ya tatu haijashika wimbo, kwaya nzima ilikuwa na habari kwamba mjukuu wake ana baiskeli ya mkaa. Sasa, Ilongero neno hilo lina wenyewe. Baiskeli ya mkaa ni ile ya chuma, iliyofungwa vyuma vya ziada kila mahali, inayobebeshwa magunia mpaka mwendeshaji haonekani, na ambayo kwenye kilima haipandwi, inasukumwa. Kwa hiyo mchana jirani yao Marko alibisha hodi akiwa na debe tupu.

"Isaka! Nasikia umeanza biashara. Debe bei gani?"

"Debe la nini?"

"Usinifiche mimi jirani yako. Na mkaa wa mti gani? Ule wa kurusha cheche mke wangu hautaki."

Baada ya Marko akaja mama wa mgahawa na gunia. Baada yake wakaja watoto bila chombo chochote, kucheka tu. Mpaka Ijumaa jioni Isaka hakuwa Isaka tena. "Mkaa, habari za leo?" "Mkaa, tuwashie." Alichukia, akapiga kelele, akafukuza watoto kwa fimbo. Kisha, akiwa amekaa nyuma ya nyumba anahema, akafikiri jambo, akaacha kuwafukuza.

Jumamosi Elisha alifika na kaptula ya kubana na miwani ya jua, na wadadisi walikuwa wameshajipanga kwenye ua, Marko mbele, debe bado mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa mbali kidogo na ile nyeusi, umevaa nguo nyeupe."

Elisha akatabasamu bila kuelewa. Akazikagua baiskeli kama anayenunua maksai mnadani. Akazungusha magurudumu, akabana breki, akabadilisha gia. Akapanda nyekundu, akazunguka nayo hadi kanisani na kurudi. Akapanda nyeusi. Aliporudi na ile nyeusi alikawia kushuka, na Isaka akaiona ile sura. Ilikuwa sura yake mwenyewe ya Alhamisi, juu ya kilima.

"Shangazi yako anajua baiskeli," Elisha akasema polepole, mkono kwenye siti. "Hii..."

"Anachukua ya mkaa!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Ya nini?"

"Hiyo ni baiskeli ya mkaa, mwanangu," Bibi akamweleza kwa upole wote. "Sikatazi. Ila mvua ikinyesha uvue shati uifunike. Na usimruhusu mvuta sigara aisogelee."

Ua ukalipuka kwa kicheko. Elisha akavua miwani.

"Bibi, hii ni kaboni. Hata ile nyekundu ni kaboni."

"Ndiyo. Na kaboni ni nini?"

Elisha, aliyeiacha kemia kidato cha pili, akamgeukia Isaka. "We Isaka, mwambie bibi yako."

Isaka akainamisha kichwa kama kijana aliyelelewa vizuri. "Nimkosoe bibi yangu mbele za watu, kaka? Kwa heshima ipi?"

"Lakini unajua ukweli!"

"Muulize mwalimu yeyote wa kemia. Kaboni na mkaa ni mtu na ndugu yake."

"Haya, Elisha Mkaa!" Marko akadakia, akiinua debe. "Ukifika Mtinko usitusahau. Jumatatu unauza gulioni, si ndiyo? Magunia utafungia wapi, mbona haina keria?"

"Elisha Mkaa! Elisha Mkaa!" watoto wakaimba, na mmoja akaanza kuisukuma baiskeli isiyokuwepo, mgongo umepinda, akikohoa kama muuza mkaa kwenye kilima.

Elisha hakuamini hata neno moja, hilo lieleweke. Lakini alilijua gulio la Mtinko. Alijua kwamba jina kama lile halihitaji nauli, lingefika nyumbani kabla yake na kumsubiri mlangoni. Akaitazama nyeusi mara ya mwisho, kama mtu anayemuacha mchumba kwa sababu ya maneno ya majirani.

"Nachukua nyekundu," akasema.

Isaka akasikitika kwa sauti. "Aah, kaka. Na mimi niliitaka hiyohiyo." Neno hilo lilikuwa kweli mpaka Alhamisi mchana.

Siku ya mbio, kulipopambazuka Mkiwa, Isaka alinyoosha kidole hewani na moyo ukamshuka. Hakuna upepo. Singida nzima, upepo umelala! Bendera ya ofisi ya kijiji ilining'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Kipenga kikalia, nyekundu ikaondoka na Elisha juu yake, vuuu, na kwenye hewa tulivu zile rimu pana zilikuwa zinakula lami kama moto kwenye nyasi.

"Mkaa!" Elisha akapaza sauti bila kugeuka. "Umeshawaka au bado unapulizwa?"

Isaka aliitunza pumzi kwa kazi nyingine. Ikungi ikapita. Vijana wawili wa mjini walikuwa wameshatoroka mbele, hao hakuna aliyewahesabu tena. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na alikuwa ameikalia Elisha. Isaka alifikiri, kwa mara ya kwanza bila utani, kwamba huenda amejidanganya mwenyewe kwa ujanja wake.

Walipoipita Puma, majani ya barabarani yakainama yote upande mmoja.

Upepo ulikuja kutoka kulia, na safari hii haukushika kola, ulivuta shati zima. Nyekundu ikayumba. Elisha akaikaza kwa mabega yake makubwa, ikayumba tena. Isaka akasogea taratibu mpaka upande wa kushoto wa Elisha, nyuma kidogo, akajibanza kwenye kivuli cha lile jitu kama kuku kwenye ukuta wa tope.

"Toka hapo!" Elisha akafoka.

"Naogopa upepo, kaka! Mkaa wangu utapukutika!"

"Nitakusukuma mtaroni!"

"Utanisukuma kwa mkono gani? Ukiachia usukani upepo unakufikisha Kiomboi!"

Elisha alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtoroka puani, na mtu anayecheka hawezi kukaza mabega. Upepo ukaona mwanya. Nyekundu ikachorachora lami kama mlevi anayerudi kwake, ikashuka kwenye changarawe, ikapanda tena. Isaka alikuwa ameshazunguka kulia, ameingia kwenye upepo mwenyewe, kidevu juu ya usukani. Mapaja yalimuungua. Nyuma yake aliisikia ile vuuu ikikaribia kila upepo ulipotulia, ikififia kila ulipoamka, na mpaka wanaingia mjini hakujua upepo utaamua nini. Wakapita mstari karibu pamoja. Mwamuzi alitazama picha kwenye simu ya mtu, akaikuza kwa vidole, akaikuza tena.

"Nyeusi," akasema. "Kwa gurudumu."

Isaka akaingia timu ya mkoa, wa tatu. Elisha, wa nne, akachukuliwa kama wa akiba. Maana yake ni kwamba angeshindana tu endapo mmoja wa watatu angeugua au kuumia. Maana yake pia ni kwamba kambini walipewa chumba kimoja.

Tangu siku hiyo hakuna mtu Singida nzima anayejali afya ya Isaka kama Elisha. Kila alfajiri anaketi kwenye kitanda chake, anamtazama kwa huruma.

"Umeamkaje, ndugu yangu? Kichwa?"

"Kizima."

"Tumbo je? Yale maharage ya jana hayakukusumbua?"

"Wala."

"Hata kikohozi? Kidogo tu?"

"Mzima kabisa, kaka," Isaka anamjibu huku akivuta shuka. "Nenda kanitafutie chai."