Nilivyoiamkia Chupa Kwenye Mchujo

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye foleni ya kliniki nikiwa nimevaa gauni langu la harusi, na hakuna aliyeshangaa.

Ili mnielewe, niseme kwanza kilichotokea jana. Mume wangu, Gwakisa, ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Mbeya. Jana alikwenda kuchujwa, kuona kama anafaa kuingia kwenye utafiti wa dawa ya kuwasaidia watu waache pombe. Tulikwenda wote. Muuguzi mmoja aitwaye Sista Bupe, mwenye sauti ya kubembelezea watoto, akamwita ndani. Mimi akaniambia nisubiri kwenye benchi, maana maswali ni ya siri. Wakakaa huko mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Gwakisa alipotoka, macho yalikuwa mekundu, na hakuwa amekunywa.

"Mmeongea nini?" nikamuuliza.

"Mambo ya kawaida tu."

Njia nzima hakuongeza neno. Mimi huyu nimemvua viatu akiwa hajitambui, nimemnywesha supu, nimemwaga gongo lake chooni, nimempigia magoti. Hajawahi kulia mbele yangu. Sista Bupe kamliza asubuhi moja tu, tena akiwa amekaa kwenye kiti. Nililala na wivu kooni kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Basi kwenye ndoto, kliniki iko ndani ya kanisa tulilofungia ndoa. Mlangoni limesimama chujio la chai, refu kuliko mlango wenyewe, limevaa kofia ya mlinzi.

"Mshiriki asiwe na shida nyingine yoyote isipokuwa pombe," linatangaza. "Shida nyingine zote zibaki hapa nje."

Watu wanaanza kuvua shida zao. Mzee mmoja anakitoa kikohozi chake na kukiweka kwenye benchi, nacho kinaendelea kukohoa peke yake, kwa adabu, kikiziba mdomo. Dada mmoja anamwacha mama mkwe wake na kapu lake. Gwakisa anayaacha maumivu ya mgongo, nayo yanaketi yamejikunja. Kisha anajaribu kupita kwenye chujio, na anakwama kiunoni.

"Kuna kitu hujakiacha," chujio linasema. "Huyu mwenye gauni ni nani?"

"Mke wangu."

"Naye ni shida?"

Gwakisa akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Wakati mwingine," akasema.

"Basi abaki."

Nikakaa kati ya kikohozi na yule mama mkwe. "Pole, mwanangu," mama mkwe akaniambia, akinimegea mhogo wa kuchemsha. "Ndivyo walivyo." Kikohozi kikaniomba nisogee kidogo, gauni langu lilikuwa linakifunika.

Nilipogeuka kuchungulia dirishani, ndani hakukuwa kanisa tena. Kilikuwa chumba chetu cha kulala. Gwakisa ameketi kitandani petu, upande wangu. Sista Bupe ameketi kwenye kiti changu cha cherehani, amekisogeza karibu, magoti yao yanakaribia kugusana. Anauliza kitu kwa sauti ile yake. Mume wangu anajibu, anaendelea kujibu, maneno yanamtoka kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo. Nikagonga kioo. Kioo kikasema, "Mama, tafadhali, kuna mahojiano."

Ndipo Sista Bupe akaita kwa nguvu: "Aje mtu anayeishi naye kwa karibu kuliko wote!"

Nikainua gauni, nikakimbia. Lakini mlangoni kulikuwa na mwenzangu aliyenitangulia. Ilikuwa chupa ya plastiki, iliyowahi kuwa ya maji ya kunywa, sasa imejaa gongo hadi shingoni. Ilikuwa imejifunga kanga yangu, ile iliyopotea kwenye kamba wakati wa Krismasi.

"Samahani," nikaiambia. "Anaitwa mtu wa karibu."

"Ndiyo maana nimekuja," ikajibu. "Wewe ulimjua lini?"

"Alipokuwa anajifunza ufundi."

"Mimi nilimjua bado anavaa kaptula ya shule. Kwa hiyo mimi ni mkubwa wako."

Mimi nimelelewa vizuri. Kabla sijafikiri, magoti yalishapinda.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu. Watoto hawajambo?"

"Ninaye mmoja, Lugano. Hajambo."

"Wawili," chupa ikanisahihisha, taratibu kabisa, kisha ikatangulia kuingia.

Ndani tunajikuta kwenye gereji ya Gwakisa. Mageti yamesimama ukutani kama wageni waliokuja msibani. Mume wangu amelala juu ya meza ya kazi, macho ameyafumba, na Sista Bupe amesimama kichwani pake.

"Nitawauliza wote wawili," Sista akasema. "Atakayemfahamu ndiye atakayebaki naye. Huyu mtu hulia lini?"

Hilo nililijua. "Halii," nikasema. "Hata mtoto wetu wa pili alipofariki, wakati mimi bado nimelazwa wodini, hakutoa chozi. Walinisimulia. Alichimba kaburi kwa mikono yake, kesho yake akarudi kazini."

Sista akaigeukia chupa.

"Hulia kila anapofunga kazi," chupa ikasema. "Huvaa miwani ya kuchomelea ili wapita njia wadhani ni moshi."

"Ni kweli," ikasema miwani, ikiwa imening'inia kwenye msumari. "Huwa nalowa mimi."

Sista akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mwalimu aliyemwona mwanafunzi amekosea. "Na akilia, husema nini?"

Chupa ikarekebisha kanga yangu begani.

"Humwita mtoto kwa jina."

"Hakuwa na jina!" nikapiga kelele. "Alikufa kabla hatujampa."

"Baba yake alimpa."

"Jina gani?"

Sista Bupe akainua kidole. "Hiyo ni siri ya mshiriki."

Chupa ikainama ikamnong'oneza sikioni. Sista akalipokea lile jina kwa viganja viwili, kama mtu anayepokea kifaranga, akaliweka ndani ya kabati la chuma, akafunga, kisha akaumeza ufunguo na kushushia na maji.

Jamani, wivu ninaujua. Niliwahi kumwonea wivu mpaka muuza chipsi aliyemwita "shemeji yangu mpenzi". Lakini huu ulikuwa mwingine. Chupa initangulie kwa umri, sawa. Sista akalie kiti changu, sawa. Ila mtoto nimembeba mimi, nimemzaa mimi, maziwa yamenijaa na kukauka yenyewe, halafu jina lake wanalijua hawa wawili na mimi silijui!

"Dada mkubwa, unisamehe," nikasema, kisha nikaikaba chupa shingoni.

"Ukinifungua hutanipenda," ikasema kwa taabu.

"Hata sasa sikupendi."

Nikazungusha kizibo. Nilitegemea harufu ya gongo inipige usoni, lakini haikutoka harufu yoyote. Ilitoka sauti ya mume wangu, ya chini sana, sauti ya mtu anayeongea na mtoto aliyesinzia.

"Ipyana," ilisema. "Ipyana wa baba."

Nje chujio likapiga kelele kwamba kuna kitu kimevuja, nami nikaamka.

Kulishakucha. Upande wa Gwakisa kitanda kilikuwa kitupu. Nilimkuta jikoni amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anajaribu kuwasha kiberiti. Mikono ilikuwa inamtetemeka, njiti inafika kwenye kiberiti na kukikosa. Tangu jana hajanywa, na alfajiri za Mbeya nazo zina baridi isiyo na huruma.

Nikasimama mlangoni. Nilijiambia ndoto ni ndoto, Enesia, usijiaibishe. Nikataka kuchukua kiberiti nimwashie, nikaghairi.

"Ipyana," nikasema.

Kiberiti kikamdondoka, njiti zikatawanyika sakafuni. Hakuziokota.

"Nani amekwambia?"

Ningemjibu nini? Kwamba nimeambiwa na chupa iliyovaa kanga?

"Nimelisikia."

"Haiwezekani." Aligeuka, akanitazama. "Nimemwambia sista peke yake, jana ile. Akanisihi nije nikwambie wewe. Njia nzima nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Ulimpa lini?"

"Nilipokuwa nachimba. Niliona siwezi kumfukia mtu ambaye simjui jina." Akafuta pua kwa kiwiko. "Ulipotoka hospitali ulikuwa huli, husemi. Nikaona nikilitaja nitakumaliza."

Nikachuchumaa pale kwenye njiti. Gwakisa akalia, bila miwani, mdomo wazi, kwa sauti mbaya isiyo na mpangilio, na mimi nikalia naye. Sitawadanganya: hata nikilia, kuna pembe moja moyoni ilikuwa bado inamnunia Sista Bupe kwa kulisikia kwanza.

Jiko lilikuwa halijawaka simu yake ilipoita. Ilikuwa kliniki.

"Baba Lugano, uko mwenyewe?" ilikuwa sauti ileile ya kubembeleza. "Nina majibu yako, na ni mambo yako ya siri."

Gwakisa akabonyeza spika, akaiweka simu sakafuni katikati yetu.

"Sema tu, sista."

"Umepita. Unaanza Jumatatu. Lakini tunahitaji uje na mtu wako wa karibu, wa kukusimamia kwenye dawa. Unaye?"

"Ninaye," akasema mume wangu. "Nitakuja na Mama Ipyana."